Mzee wa Ndiva na Virundwe wa Ukingoni

Ukingo wa ndiva yetu ulipasuka saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, asubuhi ya Jumanne. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni pangu nikitia ufunguo saa yangu ya mfukoni, kama ilivyokuwa desturi yangu. Nilisikia kishindo kama cha gunia la kahawa linaloangushwa kutoka begani, halafu mvumo mrefu wa maji. Pembe ya Mzee wa Ndiva ilikuwa haijalia. Tangu nizaliwe, maji hayakuwahi kushuka kabla ya pembe.

Kwa msomaji asiyeijua milima ya Upare, ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa juu ya mashamba na kuzungushiwa ukingo wa udongo na mawe. Usiku maji ya kijito hukusanyika humo. Asubuhi huzibuliwa tundu lililo chini ya ukingo, na maji hufuata mfereji mpaka kwenye mashamba ya wale ambao siku hiyo ni zamu yao. Mwenye kuzibua, na mwenye kujua ni zamu ya nani, ndiye tuliyemwita Mzee wa Ndiva. Naandika habari zake kwa sababu lawama za asubuhi ile alibebeshwa yeye, na zilikuwa zangu.

Muda wote niliomfahamu pale ndivani, miguu yake haikuwahi kuwa mikavu. Kuanzia magotini kwenda chini alikuwa na rangi ya tope, na kuanzia magotini kwenda juu alivaa koti la askari lililobaki tangu vita vya Mjerumani na Mwingereza. Vifungo vya shaba vilikwisha kupotea, akavibadilisha kwa vipande vya mti alivyochonga mwenyewe. Mkononi alishika fimbo yenye alama za kisu. Aliichovya ndivani, akatazama alama iliyolowa, kisha akatangaza maji ya siku hiyo yatafika kwa nani na yatakomea kwa nani. Hakujua kusoma. Fimbo ile aliisoma bila kukosea.

Hakuwa mpole. Ndugu yake wa tumbo moja alikosa msaragambo, yaani ile siku ya kazi ya pamoja ambapo kila nyumba hutoa mtu wa kuzoa matope ya mfereji. Wiki iliyofuata ndugu yule alipanda kuulizia zamu yake.

"Kaka, mahindi yangu yanakufa."

"Yamwagilie ile pombe uliyokuwa ukinywa siku ya msaragambo."

"Mimi ni ndugu yako!"

"Ndiyo maana nakujibu. Angekuwa mwingine ningenyamaza."

Lakini palikuwa na mama mmoja mjane, mwenye shamba mwisho kabisa wa mfereji, ambako maji hufika yakiwa yamechoka. Kila zamu yake ilipofika, maji yalikaa kwake kuliko alama ya fimbo ilivyosema. Watu walilalamika. Mzee wa Ndiva akajibu kwamba mkono wake ulikuwa umeteleza, na kwamba uzee ni kitu kibaya. Mkono huo uliteleza kwa yule mama peke yake, miaka tisa.

Alikuwa Mlutheri, na kanisani alilala. Alikaa benchi la pili kutoka nyuma, na somo la kwanza lilipoanza kidevu kilikuwa kimeshafika kifuani. Siku moja mwinjilisti aliomba mvua kwa muda mrefu, kwa sauti ya kutetemeka. Mzee akafumbua macho na kusema, si kwa sauti ndogo, "Mwinjilisti, omba pia waje kuzoa matope, maana mvua ikija itapita wapi?" Tulicheka mpaka wenye kuimba wakakosa sauti ya kuanzia. Nataja usingizi wake wa Jumapili kwa sababu baadaye niliutumia.

Kwa miaka hiyo mimi nilikuwa karani wa mizani ya kahawa. Shuleni nilikaa miaka minne tu. Yaliyobaki nilijifundisha kwa kitabu kimoja cha wanyama kisicho na jalada, nilichokinunua Same, na kwa daftari. Kitabu kile kilieleza kifaru, mamba, na hata nyangumi, mnyama ambaye hakuna mtu wa kwetu atakayemwona. Kirundwe, mnyama mdogo wa ndiva zetu, hakuwamo. Nikaamua kwamba nitakayemwandika mimi ndiye huyo. Nilitaka siku moja mtu asome na kusema: huyu karani ndiye wa kwanza.

Aliyemjua kirundwe vizuri alikuwa mmoja, Mzee wa Ndiva. Nilikwenda kwake ndivani kila asubuhi kabla ya kazi, misimu mitano. Alilidharau daftari langu. "Mtu mwenye macho anamtazama mnyama," alisema, "wewe unatazama karatasi." Hata hivyo hakuniruhusu kuondoka kabla sijamsomea nilichoandika. "Soma mara mbili," aliniambia. Mara ya kwanza alisikiliza, mara ya pili alisahihisha.

Hizi ndizo hatua za kirundwe, kama alivyonifundisha na kama nilivyoona mwenyewe.

Yai lake ni la rangi ya majivu, dogo kama punje ya mtama. Mayai huungana kama shanga kwenye uzi, nao uzi hujishika kwenye udongo ndani ya ndiva, upande wa ukingo. Wanawake wa kwetu hawayagusi, ingawa ni mazuri kutazama.

Mvua za masika zinapoanza, yai huwa mtoto wa maji. Urefu wake ni kama kidole cha mwisho, na mwili wake unapenya mwanga, hata utaona utumbo wake ukiwa mweusi kwa tope alilokula. Hana meno. Ana mdomo wa kukwaruza kama ulimi wa paka, na hula ukoga wa mawe na ngozi iliyokufa. Ndiyo sababu Mzee, aliyemfukuza kwa fimbo kila aliyetaka kufua ndivani, alitumbukiza miguu yake mwenyewe humo kila alfajiri. Niliona hilo kuwa ubinafsi, mpaka siku nilipomuuliza.

"Nawahesabu," alisema. "Wanakuja kula nyayo zangu. Leo ni wengi. Juzi walikuwa wachache, kuna mtu amefua."

"Utamjuaje?"

"Ngoja Jumapili. Nitakaa karibu na mwenye kunuka sabuni."

Na kweli Jumapili, kabla ya kusinzia, alinusa benchi zima, akamkuta.

Hatua ya tatu ni kirundwe wa migombani, ambaye watu wengi ndiye wanayemjua. Maji ya kwanza ya masika huwachukua watoto wa maji na kuwateremsha kwa mfereji. Njiani huota miguu minne, na wakifika mashambani huota manyoya mafupi ya kahawia. Huyu hukua mpaka kuwa kama fuko. Hukaa katikati ya magamba ya mgomba na kula wadudu wanaotoboa shina, na kwa hiyo hakuna mkulima anayemuua. Ukimshika ni wa moto, ananuka majivu yaliyolowa. Ukungu unapopanda kutoka tambarare, virundwe hupiga mluzi, mmoja akimwitikia mwingine, na mama zetu walipousikia walijua ni wakati wa kuanua maharage yaliyoanikwa. Hukaa huko miaka kadhaa. Dume hufia hapohapo mgombani.

Jike ndiye mwenye hatua ya nne. Kiangazi kinapokuwa kikali hupanda mfereji mpaka ndiva alimozaliwa, na haendi nyingine hata kama iko karibu. Akifika hutafuta mahali ukingo unapovuja. Huingia humo, hujikunja, manyoya yanamtoka, na ngozi yake hutoa ute unaoshikamana na udongo. Baada ya siku chache huwa mgumu, mviringo, mkubwa kidogo kuliko ngumi ya mtu mzima. Asiyejua huona jiwe.

Nilimwambia Mzee: "Kwa hiyo huja kufia hapa."

"Hawajafa. Hao wako kazini."

"Hawali, hawatikisiki, hawapumui."

"Wanapumua. Mara moja kwa kiangazi."

Nilicheka. Ninakumbuka nilivyocheka, kwa pua, kama mtu mwenye kitabu. Mzee akanitazama, akachovya fimbo yake, akatangaza maji. Siku hiyo hakuniambia nisome.

Nilitaka kumthibitishia. Nikachomoa mmoja, mahali ambapo hakuwa akipita mara kwa mara, nikaziba tundu kwa udongo. Nilimpima kwa mizani ya kahawa kila Jumamosi, Jumamosi saba. Uzito haukupungua wala kuongezeka. Niliweka kioo cha mke wangu mbele ya mahali palipokuwa pua yake, hakikupata ukungu. Basi nikaandika kwa wino: "Hatua ya nne: mzoga mkavu." Nilipiga mstari chini ya maneno hayo kwa rula. Sikumsomea Mzee.

Kiangazi hichohicho Mzungu mmoja alipiga hema Same, karibu na stesheni. Alikuwa mtu wa kujitegemea, si wa serikali, na kazi yake ilikuwa kununua wadudu, nyoka na ngozi za wanyama, apeleke kwao. Habari zilipanda mlimani pamoja na wachukuzi wa kahawa: analipa papo hapo, na kwa mnyama asiyemjua analipa zaidi. Nikamfikiria kirundwe. Nitakuwa mwongo nikisema nilifikiria fedha peke yake. Nilifikiria pia jina langu likiwa kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi.

Nilichagua Jumapili, wakati wa ibada, kwa sababu nilijua Mzee atakuwa amelala benchi la pili kutoka nyuma. Nilichomoa sita. Wa kwanza kutoka alinipa tabu, ilibidi nitumie patasi. Kila tundu nililijaza udongo nilioubeba kutoka migombani, nikaushindilia kwa mpini wa jembe, nikausawazisha kwa kiganja. Kazi safi. Nilifika kanisani wakati wa wimbo wa mwisho.

Jumatano nilikuwa Same nikiwa na virundwe saba kwenye kikapu, yule wa mizani akiwa mmoja wao. Mzungu alimshika mmoja akamgonga kwa kalamu.

"Hii jiwe."

"Si jiwe, bwana. Ni mnyama. Amekufa, amekauka."

"Nitaona." Akaita mpishi wake amletee msumeno mdogo, akamkata katikati.

Ndani hapakuwa pakavu. Palikuwa pekundu na pamelowa, na katikati ulizunguka uzi wa shanga za majivu, mizunguko mingi, imepangwa kama kamba kwenye ndoo. Na palikuwa na kitu kidogo kama ncha ya kidole, ambacho kilijikunja, kikakaa kimya muda wa kuhesabu mpaka thelathini, kikajikunja tena. Mpishi alirudi nyuma hatua mbili.

"Karani," alisema, "hiki umesema kimekufa?"

Mzungu alikuwa ameshaanza kutoa fedha, kwa furaha. Nilielewa yote pale mezani. Nilielewa kwamba wale walikuwa wakiziba ukingo kwa miili yao na kuyatunza mayai humohumo, na kwamba nilikuwa nimetoboa ndiva ya kijiji kizima matundu saba. Nikapokea fedha. Nikazihesabu. Nikaenda duka la Mhindi, nikanunua kioo cha kukuzia vitu vidogo.

Nilirudi Ijumaa. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha mlimani, kijito kimejaa. Nilipita ndivani. Mzee alikuwa ameketi ukingoni, miguu majini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Njoo uone. Ukingo unatoa jasho."

Nikaona. Mabaka ya unyevu, kila moja mahali pake. Ningeweza kuyahesabu.

"Sijawahi kuona hivi," alisema. "Wewe mwenye kitabu unasemaje?"

Hapo ndipo ningesema. Palikuwa na siku nne. Watu arobaini wa msaragambo wangeyaziba matundu yale kwa nusu siku, ndiva ingefunguliwa kwa juma moja bila kujazwa, na mimi ningeaibika mbele yao, basi. Nilijua hivyo wakati uleule, nikiwa nimesimama. Nikasema:

"Labda ni umande, Mzee."

"Umande saa tisa alasiri?" Akatikisa kichwa. Lakini aliniamini. Hilo ndilo lililoninyima usingizi siku zile: kwamba baada ya misimu mitano ya kuyacheka maandishi yangu, siku ile aliniamini.

Jumanne ukingo ulipasuka. Hakufa mtu. Maji yalibeba mashamba matatu ya maharage na banda la yule mama mjane pamoja na mbuzi wake wawili. Mzee alikuwa ameshafika na pembe yake. Watu walisema alijaribu kuketi kwenye pengo, akizuia kwa mgongo, na maji yakamtupa mpaka chini ya mfereji. Nyonga iliteguka, haikurudi vizuri tena.

Wazee wa maji walikutana Alhamisi. Mimi niliitwa niandike, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Ndugu yake ndiye aliyesema sana.

"Mtu anayelala mbele ya Mungu atashindwa kulala mbele ya maji?"

Watu walicheka. Kicheko kilekile cha siku ya mwinjilisti, na vinywa vilevile. Mama mjane alisimama akasema yeye aliyepoteza mbuzi hana neno na Mzee, wakamwambia akae. Waliamua kwamba amezeeka, ameuacha ukingo ukaoza, na pembe apewe mwingine. Mzee hakujitetea. Aliulizwa kama ana la kusema, naye akanigeukia mimi.

"Andika vizuri, Karani. Halafu uwasomee mara mbili."

Nikasoma mara mbili. Hakusahihisha kitu.

Ukingo ulijengwa upya, safari hii kwa saruji kutoka Same. Ni imara, haujavuja. Kiangazi kilichofuata nilikwenda na kioo changu cha kukuzia, nikaona alama za kucha juu ya saruji, upande wa mfereji, na majike watatu wamekufa chini yake, wakiwa bado na manyoya. Hao walikuwa mizoga kweli. Tangu hapo mluzi ulipungua msimu hadi msimu. Sasa ni miaka minne sijausikia kwetu, na mama zetu huanua maharage yakiwa yameshalowa.

Mara ya mwisho kumwona Mzee ilikuwa Kwakoa, tambarare ile ya kuelekea ziwa Jipe, ambako binti yake aliolewa na kumchukua. Nilikuwa nimetumwa huko kukagua mizani. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, koti lile limevaliwa juu ya shuka. Vumbi lilikuwa jingi. Miguu yake ilikuwa mikavu, imepasuka visigino, na ni hiyo miguu niliyoitazama muda wote kwa sababu macho yake sikuweza, ingawa yalikuwa karibu yamepofuka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani?"

"Ni Karani."

"Wa mizani. Daftari unalo?"

"Ninalo."

"Nisomee hatua ya nne. Ile hukunisomea."

Nikafungua. Maneno ya wino yalikuwepo, na mstari wa rula chini yake. Nikasoma: "Mzoga mkavu."

Akacheka kwa pua, kama nilivyocheka mimi siku ile. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia zamu, "Ulitoa wangapi?"

Nikaufunika mstari wa rula kwa kiganja.

"Mimi nilihesabu saba," akasema. "Nilipolala pale chini ya mfereji, nyonga imetoka, vipande vya ukingo vilikuwa mbele ya uso wangu. Ukingo wangu ni wa udongo mweusi. Humo palikuwa na vizibo vya udongo mwekundu wa migombani, vimesawazishwa kama mistari ya daftari. Nani mwingine kijijini angeziba hivyo?"

"Ulijua Alhamisi ile?"

"Nilijua Jumanne."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nikingoja. Kalamu ulikuwa nayo wewe."

Binti yake alileta maji katika kibuyu. Mzee alikunywa kidogo, yaliyobaki akayamimina polepole juu ya nyayo zake, akayaangalia, au akajifanya kuyaangalia, yakinyweka mchangani. Binti akamgombeza kwamba maji hapa yanatoka mbali. Akasema mkono umeteleza.

"Yule Mzungu alikupa ngapi?" aliniuliza, binti alipoingia ndani.

"Shilingi nne."

"Kwa wote?"

"Kwa mmoja mmoja."

"Na aliyekatwa?"

Sikujua kwamba alisikia habari za msumeno. Labda wachukuzi wa kahawa walizileta. "Naye pia," nikasema.

Aliinua fimbo yake ya zamani iliyokuwa imeegemea kigoda, akaishika alama moja moja kwa kidole gumba, saba, akirudia kila alama mara nne, midomo ikitikisika. Hakukosea.

"Iandike," akasema.

Niliandika palepale, chini ya mstari wa rula, nikangoja aniambie nisome mara mbili. Hakuniambia. Niliyoandika ni haya: shilingi ishirini na nane.